Kaju, kanju, korosho: Menyu za mikahawa yetu zinazungumza na nani?

Shangazi yangu ana miaka 83 na haoni vizuri. Mwezi wa Aprili alipanda treni kutoka Mombasa kuja kumwona daktari wa macho hapa Nairobi, na siku moja kabla ya kurudi kwao Kilifi tukaona si vyema aondoke bila kutolewa nje akala. Tulikuwa watu wanne: yeye, mimi, binti yangu, na mjukuu wangu wa kike mwenye umri wa miaka 9. Tukaingia katika mkahawa mmoja wa Kihindi mtaani Parklands. Si mahali pa kuvalia tai. Meza zimebanana, watoto wanakimbizana, mhudumu anapita na birika la chai akiomba njia, na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa inakupokea kabla hujapata kiti.

Menyu ikaletwa. Kurasa nyingi, maelezo yote kwa Kiingereza, na majina ya vyakula kwa lugha ambazo si Kiingereza wala si jambo ambalo Mkenya wa kawaida hufundishwa shuleni. Kwa kuwa shangazi haoni maandishi madogo, mjukuu wangu akajitolea kumsomea kwa sauti.

"Tandoori," akasoma.

"Tanuri?" shangazi akauliza. "Wanaoka kwenye tanuri?"

"Jalebi."

"Hiyo ni zalabia."

"Achar."

"Achari. Ya ndimu au ya embe?"

Wakaendelea hivyo, kababu kwa dania, mpaka mtoto akashangaa: "Nyanya, kumbe unajua Kihindi!"

"Sijui Kihindi," shangazi akamjibu. "Nayajua haya."

Walipofika kwenye 'kuku paka' mtoto akaacha kusoma, akatutazama kwa hofu. Kuku na paka? Shangazi alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso. Akamweleza kwamba ni kuku wa kupaka: anachomwa makaani huku akipakwa tui zito lenye viungo, kama anavyofanyiwa samaki wa kupaka. Hapo ndipo ilipoanza kunipambazukia kwamba mwenye macho mabovu ndiye aliyekuwa akiisoma menyu ile kuliko sisi wengine wote.

Kisha mjukuu wangu akachagua chakula chake. Maelezo yalisema ni vipande vya kuku ndani ya mchuzi mzito wa 'kaju'. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasoma maneno yale dakika chache kabla na nikayapita. Sasa, mtoto huyu ana mzio wa korosho. Aliwahi kukimbizwa hospitalini usiku, midomo imevimba, pumzi zinamkatika, kwa sababu ya kipande cha keki cha ukubwa wa kidole gumba. (Neno 'mzio', kwa wasiolijua, zamani lilitumika kwa chakula ambacho mtu amekatazwa kula, ama kwa mila ama kwa kuwa kinamdhuru. Madaktari wamelichukua na kulipa kazi mpya, na ni mojawapo ya maneno ya kitabibu yaliyopatikana bila kuazimwa kokote.) Kwa hiyo mamake hachoki kuuliza. Akamuuliza mhudumu, "Hii iko na njugu?"

"Haina njugu, madam," kijana akajibu, na hakuwa akisema uongo.

"Na kaju ni nini?"

"Ni aina ya masala tu."

Ni shangazi aliyeingilia. "Kaju? Kwetu mti wa korosho ni mkanju. Mwanangu, hebu nenda jikoni ukawaulize kama mchuzi huo wanautia korosho."

Kijana akaenda. Akarudi na msaidizi wa mpishi, mtu wa makamo anayejifuta mikono kwa aproni, ambaye hakuzungusha maneno: "Ndiyo, mama. Tunasaga korosho. Ndiyo inafanya mchuzi uwe mzito."

Nimefundisha lugha katika vyuo vikuu kwa zaidi ya miaka 30. Nimeandika kuhusu maneno ya mkopo, na nikiulizwa darasani asili ya 'kanju' naweza kuieleza bila kufungua kitabu. Wareno waliuchukua mti huo kutoka Brazil katika karne ya 16 pamoja na jina lake, caju, ambalo nao walilipata kwa wenyeji wa huko. Wakaupanda Goa na katika pwani yetu. Bara Hindi jina likawa kaju, kwetu kanju, na kwa Waingereza likavaa vazi ambalo limeficha uso wake wa kwanza. Haya yote nayajua. Hata hivyo neno lilipokuwa mbele ya macho yangu, kwa herufi za Kiingereza na juu ya karatasi inayong'aa, sikulitambua. Mwanamke ambaye utotoni aliokota korosho chini ya mikanju ya Kilifi alilitambua kwa sikio.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiziangalia menyu kwa jicho jingine, na ninataka tuzizungumze leo.

Kwanza, tusimlaumu kijana. Binti yangu aliuliza kuhusu 'njugu' akiwa na maana pana ya Kiingereza, inayokusanya karanga, korosho, lozi na jamaa zao wote chini ya neno moja. Lakini katika Kiswahili cha Kenya njugu ni njugu: zile zinazouzwa kwenye karatasi zilizokunjwa pale kituo cha matatu. Korosho si njugu. Hakuna mtu mtaani atakayekuuzia korosho ukimwambia unataka njugu. Kijana alijibu swali aliloulizwa, kwa Kiswahili sahihi, na jibu lake lingeweza kumuua mtoto. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa namna hii asiulize kwa neno la jumla. Ataje kitu kwa jina lake: korosho, karanga, lozi, simsim.

Pili, na hapa ndipo ninapotaka kukaa, maneno ya menyu ile hayakuwa mageni kwetu. Yamekuwa nyumbani kwa karne nyingi. Tanuri tuliipata kwa Waarabu, na Wahindi wakaipata tandoor yao kupitia Kiajemi, lakini ni neno moja. Yeyote aliyesimuliwa katika madrasa ya Jumapili kisa cha Shadraka, Meshaki na Abednego analijua tanuru. Sambusa ya Mombasa na samosa ya Nairobi zinatokana na jina moja la Kiajemi. Moja ilipitia Uarabuni, nyingine India. Zalabia na jalebi ni vivyo hivyo. Biriani ni Kiajemi pia, kutokana na neno la kukaanga au kuoka. Kachumbari, ambayo leo haikosekani penye nyama choma hata kule ambako hakuna Mhindi aliyewahi kukanyaga, ni kachumbar ya Bara Hindi. Bajia ni bhajiya ya Wagujarati. Dania ni dhania, na sijui mama mboga yeyote nchini ambaye atakuuliza maana yake. Hata ile pesa kidogo unayomwachia mhudumu mezani, bakshishi, ilishuka kutoka Uajemi.

Maneno haya hayakuletwa na kamati wala na kamusi. Mengi yalikuja na kaskazi, pamoja na nguo na shanga. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498 alikuta vyombo vya wafanyabiashara wa kutoka India vimekwisha kufika. Kisha ikaja reli. Kati ya 1896 na 1901 wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga kutoka Mombasa hadi Kisumu, na ijapokuwa wengi walirudi kwao, zaidi ya 6,000 walibaki. Nyuma yao wakaja wenye maduka, wakasambaa hadi vituo vidogo vya bara, na chapati ikapanda nao mlima. Leo ipo kwenye meza ya Krismasi ya Murang'a na ya Vihiga kama kwamba ilizaliwa huko. Wakenya wa asili ya Asia walitambuliwa rasmi na serikali kuwa jamii ya 44 ya nchi hii mwezi wa Julai 2017. Vyakula vyao tulikuwa tumevitambua mapema zaidi.

Safari haikuwa ya upande mmoja pia. Ukiingia katika mikahawa ya Wembley, kule London, inayoendeshwa na familia za Kigujarati zilizotoka Afrika Mashariki, utakuta 'mogo' ya kukaangwa na pilipili. Mogo ni muhogo wetu. Utakuta 'mishkaki' na 'kuku paka' yule yule aliyemtisha mjukuu wangu. Katika Kigujarati na Kikachi cha Afrika Mashariki, sufuria, fagio, kisu na jugu ni maneno ya kila siku, na mtu aliyekulia Ahmedabad huenda asiyaelewe. Kwa hiyo 'kuku paka' kwenye menyu ya Parklands ni Kiswahili kilichoingia jikoni mwa Wahindi, kikapoteza 'wa' na 'ku' njiani, kisha kikaturudia kikiwa kimevaa kigeni hata mtoto wa Kiswahili asimjue ndugu yake.

Nisije nikamdanganya msomaji kwamba neno likiwa moja basi na chakula ni kimoja. Agiza chapati katika mkahawa wa Kihindi na utaletewa mkate mwembamba, mkavu, usio na mafuta, na utadhani umepunjwa. Chapati yetu, ile ya kukandwa, kupakwa mafuta, kuviringwa kama konokono na kusukumwa tena ili itoke na tabaka, huko iko karibu zaidi na kile wanachokiita paratha. Kababu ya mkahawani imefinyangwa juu ya kijiti. Ya kwenye kabati la vioo la hoteli ya mjini imechovywa kwenye yai na kuzamishwa katika mafuta. Nimewaona watu wazima wakigombana na wahudumu kwa sababu ya mambo haya, kila mmoja akiwa na haki. Maneno husafiri, yakifika hufanya urafiki na unga uliopo.

Na tukiwa bado kwenye hoteli, kwa nini Mkenya huliita 'hoteli' banda lenye meza mbili na sufuria tatu ambamo hakuna kitanda? Wapo wanafunzi wangu wanaoona aibu kwa matumizi hayo, wakidhani ni ushamba wetu. Wakienda India watapata faraja, maana huko pia 'hotel' ni mahali pa kula, pawe na vyumba au pasiwe navyo. Mimi naamini, ingawa sina hati ya kuthibitisha, kwamba tabia hii tumeambukizana. Mkahawa, ambalo ni neno la vitabuni zaidi, lilikuwa mahali pa kunywa kahawa kabla halijapanuka na kumeza vyakula vyote. Tanzania hulitamka mgahawa. Yote ni sawa, na 'kibanda' ni sawa, na hata 'kibandaski' ya vijana siipingi.

Vibanda ndivyo vilivyonifunza jambo la pili. Karibu na chuo chetu kuna kimoja ambacho mimi na wenzangu tumekuwa tukila kwa miaka. Menyu yake ni ubao uliopakwa rangi nyeusi, na kila asubuhi mwenye kibanda huandika kwa chaki: ugali matumbo, chapati dengu, pilau, maharagwe, mishiri, chai, strungi. Basi. Hakuna mtu aliyewahi kuuliza maana. Anayeleta chakula hubeba sahani nne kwa mikono miwili na kuita, "Chapati dengu ni nani?" Nami profesa huinua mkono na kujibu, "Ni mimi." Kisha humgeukia jirani yangu: "Na wewe ni ugali matumbo?" Ndiye, kwa furaha kabisa. Sarufi ya vitabu haina nafasi ya mtu kuwa ugali, lakini mahali pale kila mtu huwa chakula chake kwa muda wa dakika tano, na hakuna anayechanganyikiwa. Hapo ndipo utasikia pia "nisaidie na chapo mbili," ambayo kwa miaka mingi nimeipiga wino mwekundu katika insha, na "nifungie," ambayo sijaipiga wala sitaipiga, kwa sababu sijaona neno zuri kuliko hilo kwa chakula cha kubeba. Linakuonyesha hadi karatasi na uzi.

Linganisha ubao ule na menyu ya Parklands. Mtu mwenye shilingi 100 anaambiwa anachokula kwa lugha anayoijua. Mtu mwenye shilingi 1,500 anaambiwa kwa lugha inayomlazimu kukisia, na asipoelewa huona haya kuuliza, kwa kuwa amelipia kuonekana anaelewa. Niliwahi kumuuliza mwenye mkahawa mmoja, si ule, kwa nini haandiki kwa Kiswahili. Hakunificha kitu. Akaniambia, "Profesa, nikiandika 'dengu', mteja atakumbuka bei ya dengu kwa mama yake." Nilipenda ukweli wake. Dengu ikiandikwa dengu inakuwa na bei ya dengu. Ikipewa jina lenye silabi nyingi na sifa tatu za Kiingereza inaweza kupandishwa bei bila kuongezewa hata jani moja la dania. Ngisi aliyevuliwa na watu wa kwetu Kilifi akipanda hadi Nairobi huandikwa 'calamari', na shangazi yangu, ambaye amewaparuza ngisi wengi kuliko alivyohesabu, hangejua kwamba anauziwa mnyama wake mwenyewe.

Sababu nyingine inayotolewa ni kwamba Kiswahili hakina maneno. Hiyo nimekwisha kuijibu kwa upande wa Wahindi. Kwa mikahawa ya Kichina, ya Kithai na ya Kijapani iliyozagaa Kilimani na Westlands, kazi ni ngumu kidogo lakini haitushindi. Zile nyuzi ndefu za unga ambazo kila mtu huzitaja kwa Kiingereza ni tambi. Najua wengi wetu tambi hutukumbusha futari, zikiwa na sukari, tui na iliki, lakini hakuna kinachozuia tambi za mchele au tambi za mayai kuliwa na mboga na kamba. Kuhusu kamba, ngisi, pweza, kaa na chaza sihitaji kusema. Na kinywaji kinachokuja bila kuagizwa, kwenye kibuyu kidogo cha udongo, Wachina wengi hukiita cha. Sisi tukasema chai, kwa kuwa jina lilitufikia likipitia Uajemi na India. Waingereza walilipata kupitia kwa Waholanzi walionunua majani kwa Wachina wa pwani ya kusini waliosema te. Mteja wa Kiswahili na mpishi wa Kichina wanaelewana kwenye kikombe bila kumhitaji Mwingereza awe mkalimani.

Palipo na ugumu wa kweli ni katika kutafsiri ovyo. Tangu UNESCO iitenge tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, hoteli kadhaa kubwa hujikumbusha Kiswahili siku hiyo moja. Mwaka fulani nilialikwa chakula cha mchana katika mojawapo, na kwenye meza tulikuta kadi iliyochapishwa vizuri ikitutangazia 'mchele wa kukaanga na mabawa ya nyati'. Tuliokuwa mezani tulikuwa walimu wa Kiswahili watupu. Tukatazamana. Mchele haukaangwi ukaliwa. Uliopikwa ni wali, na uliomo shambani ni mpunga, na lugha inayotenganisha vitu hivi vitatu haiwezi kulaumiwa kwa umaskini. Ama nyati mwenye mabawa, huyo bado tunamtafuta. Buffalo ni mji katika jimbo la New York ambako mabawa ya kuku yenye pilipili yalipopata umaarufu. Aliyeandika kadi alitafsiri neno badala ya kumuuliza mpishi kuna nini kwenye sahani. Angeuliza, angeandika 'mabawa ya kuku ya pilipili' na angekuwa amemaliza.

Kumuuliza mpishi ndiyo siri yote. Msaidizi aliyetoka jikoni siku ile kuja kutueleza kuhusu korosho hakuzungumza Kiingereza nasi hata neno moja. Nilimuuliza baadaye wanaelewana vipi na mpishi mkuu, ambaye alitoka India miaka kadhaa iliyopita. "Kwa Kiswahili," akasema, akishangaa kwamba naweza kuuliza swali kama hilo. Kiswahili cha jikoni, cha 'leta hii, toa ile, moto punguza', lakini Kiswahili. Katika jikoni hilo wanajua kwa Kiswahili kila kitu kinachoingia kwenye sufuria: kitunguu saumu, tangawizi, siagi, korosho. Ukuta mmoja mbele, mezani, maarifa hayo yote yanazimwa na kuwa 'kaju' na 'aina ya masala tu'. Neno lilikuwapo, na aliyelijua alikuwapo. Lililokosekana ni mtu wa kulibeba kutoka kwenye sufuria hadi kwenye karatasi.

Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ndicho lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Tunaipenda ibara hii na kuinukuu kila Julai. Ibara ya 46 hatuinukuu, nayo inampa anayenunua bidhaa au huduma haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike nayo kikamilifu. Wenzetu wa Tanzania humwita mtu huyo 'mlaji', hata akinunua redio. Mimi si mwanasheria, lakini nikiziweka ibara hizi mbili kando kando, sioni vipi mlaji anayekula kweli kweli, kwa kinywa chake, aambiwe kilichomo katika chakula chake kwa lugha moja tu, tena nusu yake ikiwa fumbo.

Sisemi majina yafutwe. Mwenye mkahawa aendelee kumwita kuku wake jina alilopewa Punjab au Gujarati. Jina ni sehemu ya ladha. Ninachoomba ni mstari mmoja chini yake, kwa Kiswahili cha jikoni mwake mwenyewe: kuku, nyanya, siagi, korosho iliyosagwa, pilipili kidogo. Si lazima apeleke kwa mtaalamu wa istilahi. Akitupelekea sisi maprofesa tutakaa vikao vitatu tukibishana kama ni menyu au orodha ya vyakula, na chakula kitapoa. Amwite yule anayesaga korosho, amwambie, "Nitajie ulichotia," na aandike anavyosikia.

Mjukuu wangu alikula kuku wa kupaka siku ile, baada ya kuhakikishiwa na jikoni kwamba ni tui tupu. Shangazi aliagiza biriani, akaisifu nyama, akaukosoa wali, na akafungiwa iliyobaki kwa ajili ya safari.

Mwezi uliopita nilipita pale tena na mwenzangu mmoja. Menyu ni ile ile, karatasi ile ile inayong'aa, Kiingereza kile kile. Lakini kwenye ukurasa wa kuku, kando ya neno kaju, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino wa bluu, kwa herufi kubwa zisizolingana: KOROSHO. Nilifungua menyu ya meza jirani na kukuta vivyo hivyo, na ya meza iliyofuata pia. Kijana wetu alikuwa zamu. Nilipomuuliza ni nani aliyeandika alitabasamu tu, akaniuliza kama shosho aliona vizuri baada ya kwenda kwa daktari.